Pazia Liko Kwenye Mengineyo

"Mimi nikiumwa, nataka daktari. Sitaki msaidizi."

Bibi aliyasema hayo asubuhi, mbele ya wajukuu wake, mbele ya jirani aliyekuja kuazima pasi, na mbele ya mkwe wake mwenyewe, ambaye alikuwa amesimama katikati ya sebule na stetoskopu shingoni, tayari kumpima. Jirani alijifanya anaiangalia pasi kama ina hitilafu. Wajukuu waliacha kunywa uji wakasubiri kuona baba atajibu nini.

Baba alikohoa, akaivua stetoskopu, akaikunja na kuitia mfukoni, kisha akaenda kazini bila kumaliza chai. Mtaa mzima ulimwita Daktari. Kinyozi alimwita Daktari, muuza mkaa alimwita Daktari, na hata mwenye nyumba, ambaye hakuwa na heshima kwa mpangaji yeyote, alikuwa akigonga mlango na kusema, "Daktari, samahani, ile kodi." Mke wake alikuwa fundi cherehani, na kibao chake cha mlangoni kilisomeka "Mama Daktari, Mishono ya Kisasa". Mtu mmoja tu chini ya jua alimwita Msaidizi, yaani kwa kazi aliyoandikiwa kwenye barua ya ajira, na mtu huyo alikuwa akila kwake na kulala chumba kimoja na watoto wake.

Na sisi tumwite hivyo hivyo, Msaidizi, si kwa kumdharau bali kwa kuwa ndiyo kazi yake, na ni kazi nzuri.

Ukweli ni kwamba Bibi hakuwa na ugomvi na cheo cha mtu. Bibi alikuwa na uvimbe kwenye ziwa la kushoto. Aliugundua akioga, mvua za kwanza zilipoanza, ukiwa mdogo kama punje ya mahindi. Akajiambia utaondoka. Haukuondoka, ulikua, ukawa mgumu, na sasa hata kunyanyua mkono ili aanike nguo kulimtia jasho. Alikuwa anaogopa sana. Lakini kabla ya kuuogopa uvimbe, aliogopa kufungua vifungo vya blauzi mbele ya mwanamume anayemwamkia shikamoo kila asubuhi kwa kichwa kilichoinama, baba wa wajukuu wake. Hilo hakuliweza. Kumwambia binti yake nako hakukufaa, maana binti yake hakuwa na siri na mumewe. Neno lingeingia sikioni mwake mchana na jioni lingekuwa mezani pamoja na chakula. Kwa hiyo Bibi alitafuta njia ya kumweka mkwe wake mbali, akaipata pale palipomuuma zaidi. Alimpiga kwenye cheo, na kila alipompiga, Msaidizi alirudi nyuma hatua nyingine.

*

Kituo cha afya kilikuwa na daktari mmoja na wasaidizi wanne. Kanuni ilisema msaidizi atatibu chini ya usimamizi wa daktari. Daktari huyo, ambaye watu walimwita Daktari Mwenyewe ili wamtofautishe na hao wengine, alikuwa na kliniki yake upande wa pili wa mji, na huko ndiko alikoshinda. Kituoni alikuja Jumanne, akapiga saini, akaondoka. Siku zilizobaki usimamizi ulifanywa na koti lake.

Lilikuwa koti jeupe, limetundikwa kwenye mgongo wa kiti chake, na kalamu mfukoni. Mgonjwa akiuliza, "Daktari yupo?" alioneshwa koti. Mkaguzi akija, aliambiwa, "Ametoka sasa hivi, si unaona koti lake lile pale?" Mkaguzi aliliona, akaandika kwamba usimamizi upo. Mama wa usafi alilifua kila Ijumaa na kulipiga pasi, akinung'unika kwamba nguo isiyochafuka inachosha kuifua kuliko nguo chafu.

Tusiwaonee wasaidizi. Wao ndio waliokuwa kituo chenyewe. Walishona watu vichwa, walizalisha, walitibu homa na kuhara na vidonda, walimliwaza mama aliyefiwa na kumkaripia baba aliyekunywa dawa za mtoto. Wagonjwa waliwapenda, na wengi hawakujua tofauti wala hawakutaka kuijua. Waliokosa usingizi kwa sababu ya tofauti hiyo ni wasaidizi wenyewe. Basi wizara ilipoleta waraka kuuliza kama jina la kada yao libadilishwe, kituo kilipata uhai ambao hata milipuko ya kipindupindu haikuwahi kukipa.

Kikao kiliitwa. Wagonjwa waliambiwa wasubiri nje kwenye benchi. Mwenyekiti alikuwa Msaidizi wetu, kwa kuwa ndiye mkongwe. Ajenda zilikuwa tatu: jina, makoti, na mengineyo.

"Mimi napendekeza Daktari Msaidizi," alisema msaidizi wa meno, mtu mnene mwenye sauti ya mahubiri. "Neno daktari litangulie. Mtu akianza kukuita, akichoka katikati ya njia, awe ameshafika pazuri."

"Mshirika wa Daktari," alisema wa maabara. "Nje huko ndivyo wanavyoitwa."

"Mshirika wa nini? Tuna duka naye?"

"Tabibu Mwenza, basi."

"Mwenza? Mke wangu hatalikubali."

Walicheka, chai ikaongezwa, mjadala ukaanza upya. Mke wa mwenyekiti alikuwa amekwisha kupewa kazi ya kuwashonea makoti mapya, kitambaa cheupe kilikuwa kimenunuliwa jora zima kwa mchango wa wote, na kilichokuwa kinasubiriwa ni jina tu, lipate kutariziwa mfukoni.

Mwishoni mwa meza mkono ulinyooshwa. Ulikuwa wa msaidizi wa nne, mwanamke kijana. Alikuwa na cheti kile kile walichokuwa nacho wengine, lakini siku aliyoripoti mwenyekiti alimpeleka kwenye chumba cha kupimia watoto uzito, "mpaka azoee mazingira", na mazingira hayajaisha kuzoeleka mpaka leo. Kina mama walimwita Mizani. Mwenyekiti alimwita Binti, na akiwa na wageni alimwita "msaidizi wangu", bila hata kujishtukia.

"Mwenyekiti, chumba cha uchunguzi hakina pazia," alisema Mizani. "Na mlango haufungi. Mtu aliyekaa kwenye benchi anaona mpaka kitandani. Wanawake wanakataa kuvua nguo, wanaondoka hivyo hivyo. Kwangu kule palikuwa stoo zamani, mlango unafunga, lakini hapa—"

"Ni jambo zuri sana hilo, Binti," alisema Msaidizi kwa upole wa baba. "Ila tufuate utaratibu. Pazia liko kwenye mengineyo."

Kwenye mengineyo hawakufika. Mtoto mmoja kwenye benchi alianza kutapika, ikabidi kikao kifungwe kwa sala fupi.

*

"Mama hanyanyui mkono," mke alisema.

Alikuwa ameketi kwenye cherehani, na jora la kitambaa cheupe limesimama ukutani nyuma yake, halijakatwa. Msaidizi alikuwa anavua viatu.

"Mkono upi?"

"Wa kushoto. Leo ameanika nguo kwa mkono mmoja. Na amekonda, baba watoto. Lile gauni nililomshonea juzi limemlegea mpaka aibu."

"Nilitaka kumpima. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulisikia alichonijibu? Mbele ya yule mama wa pasi? Sasa hivi mtaa mzima unajua kwamba kwenye nyumba hii daktari hayupo."

"Mimi nakwambia mkono, wewe unaniambia cheo."

"Kwani cheo nimekianzisha mimi? Si mama yako?"

Mke aliinamia cherehani, kwa sababu na yeye hakuwa safi. Wiki ile ile alikuwa amemvuta mama yake jikoni na kumnong'oneza, "Mama, tafadhali, usimwite msaidizi wateja wangu wakiwepo. Unaniharibia." Siku hiyo Bibi alikuwa amekwisha kuamua kumwambia habari ya uvimbe, liwe liwalo, na neno alikuwa amelipanga usiku kucha. Aliposikia habari ya wateja, akalimeza.

"Basi mpeleke kwa Daktari Mwenyewe," mke alisema hatimaye. "Si ndiye anayemtaka? Mpeleke amuone, yaishe."

Wazo hilo lilimkaa Msaidizi vizuri. Aliligeuza-geuza kichwani wakati wa kula, na kila alipoligeuza lilizidi kupendeza. Angempeleka. Daktari Mwenyewe angemwangalia, na katika kumwangalia angesema, kwa sauti, benchi zima lisikie: Mama, mbona umehangaika, mkwe wako angeweza kukutibu mwenyewe. Msaidizi alipanga mpaka mahali atakaposimama wakati maneno hayo yakisemwa.

Bibi, alipoambiwa, alikosa pa kukimbilia. Ni yeye mwenyewe aliyedai daktari.

*

Jumanne benchi lilikuwa limejaa hadi watu wamekaa sakafuni. Daktari Mwenyewe aliingia, akalivaa koti lake, likalia kwa wanga aliolitia mama wa usafi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na kwa mgonjwa mambo hayo mawili hayatofautiani sana.

"Karibu, mama. Unasumbuliwa na nini?"

"Mkono."

"Upi? Huu? Hebu vua blauzi kidogo nione bega."

Bibi aliutazama mlango, ambao ulikuwa wazi kwa kuwa haukuwa na njia nyingine ya kuwa. Nje ya mlango alimwona mzee mwenye bakora, vijana wawili, na yule mama wa pasi, ambaye alikuwa amekuja kwa kikohozi na sasa alikuwa ameacha kukohoa ili asipitwe. Kisha akamtazama mkwe wake, aliyekuwa amesimama kando ya kitanda, mikono kifuani, uso umekunjuka, akisubiri kusifiwa.

"Mkono umepona," Bibi alisema.

"Umepona sasa hivi?"

"Sasa hivi."

"Mama," Msaidizi aliingilia, "mwache daktari afanye kazi yake."

"Nimesema umepona. Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

Akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Daktari Mwenyewe alitikisa kichwa, akasema, "Mkali kweli huyu," akaita mgonjwa mwingine. Baadaye kidogo alipiga saini zake, akalirudisha koti kwenye kiti, akaondoka.

Na Msaidizi? Msaidizi alifurahi. Alitoka nje nyuma ya jengo akampigia mkewe simu huku anacheka peke yake.

"Amemkataa! Ndiyo, Daktari Mwenyewe! Amemkataa na yeye, kwenye uso wake, mbele ya watu! Kwa hiyo umeona? Tatizo siyo mimi!"

Alikwenda dirisha la dawa akaisimulia. Akaenda kwa keshia akaisimulia tena, safari hii akiigiza na sauti ya Bibi. Mwanamke mgonjwa alikuwa amekataa wanaume wawili kwenye chumba kisichofungwa, na mtu aliyesomea kuwahoji wagonjwa alikuwa anawafanyia wenzake mchezo wa kuigiza. Hasira inanipanda ninapoliandika hili, na bado sijasikia kwamba kituo kile peke yake ndicho kilicho hivyo.

Bibi hakwenda nyumbani. Miguu ilimfikisha mwisho wa ukumbi, kwenye foleni ya kina mama wenye watoto wachanga, na hapo ikachoka. Alikaa. Mama aliyekuwa mbele yake alimwachia nafasi akidhani ameleta mjukuu. Foleni ilikuwa inasogea, mlango wa mwisho unafunguka, mtoto anaingia analia, mlango unafungwa, mtoto anatoka analia. Bibi aliutazama mlango ule zaidi ya kitu kingine chochote. Ulikuwa na komeo kwa ndani. Alisikia likisukumwa kila mara.

Zamu yake ilipofika aliingia.

"Shikamoo, Bibi. Mtoto yuko wapi?"

"Marahaba. Sina mtoto." Alitazama mizani iliyoning'inia, kikapu chake cha kitambaa, na beseni la maji. "Wewe ni daktari?"

"Hapana, Bibi. Mimi ni msaidizi."

"Vizuri. Huo mlango unafunga?"

"Unafunga."

"Funga."

Mizani alisukuma komeo. Bibi alianza na kifungo cha juu. Kifungo cha pili kikamshinda, Mizani akamfungulia. Kisha akanawa mikono, akaisugua ipate joto, akaanza kumpapasa polepole, kuzunguka ziwa lote, halafu kwapani, na kwapani akakaa muda mrefu zaidi.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu mvua za kwanza."

"Umemwambia nani?"

"Si ndiyo nakwambia wewe?"

Hapo Bibi alilia. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa kuwa mtu ameona, na alikuwa amechoka kuwa peke yake na kitu kile kitandani kila usiku, wajukuu wakikoroma pembeni yake. Mizani alimfunika kanga mabegani, akamwacha alie, na nje ya mlango watoto nao walilia, basi hakuna aliyetofautisha.

*

Mizani alimkuta Msaidizi kwenye dirisha la dawa, katikati ya onyesho la tatu.

"Mkubwa, naomba kidogo."

"Ngoja Binti, nimalizie. Basi akamwambia, 'Ahsante, baba, Mungu akuzidishie,' ha!"

"Ni mama mkwe wako, ameniruhusu nikwambie. Ana uvimbe kwenye ziwa. Mkubwa, na umeshaingia kwapani. Anatakiwa afike hospitali kuu haraka. Nimeandika barua ya rufaa."

Msaidizi alikaa kwenye boksi la dripu. Uso wake ulibaki na kicheko kwa muda, kama taa iliyosahauliwa. Na neno la kwanza lililomtoka, Mungu amsamehe, lilikuwa hili:

"Mbona mimi hakuniambia?"

Mizani alimtazama. Angeweza kusema mengi, na mengi yalimfika kooni.

"Mkubwa," alisema, "chumba hakina pazia."

Barua ya rufaa haipokelewi hospitali kuu bila saini ya daktari. Walipiga simu ya Daktari Mwenyewe, ikaita mpaka ikakata. Walirudia. Koti lilikuwa pale pale kwenye kiti, na kalamu yake, tayari kwa lolote isipokuwa kupiga saini. Msaidizi aliichukua barua, akaomba pikipiki ya mlinzi, akaenda.

Kliniki ya Daktari Mwenyewe ilikuwa na mapazia. Yalikuwa madirishani, milangoni na kuzunguka kila kitanda, ya kijani, mazito, yanafika chini. Msaidizi aliyatazama huku akisubiri mpokezi amalize kupaka rangi ukucha uliobaki.

"Karibu. Umejiandikisha?"

"Sijaja kutibiwa. Nataka kumwona daktari mara moja, ni mwenzangu."

"Ee, Daktari!" sauti iliita nyuma yake. Ni yule mama wa pasi. Alikuwa amekosa dawa ya kikohozi kituoni, akaja kuinunua huku. "Na wewe unatibiwa hapa?"

Mpokezi alimtazama upya. "Wewe ni daktari?"

Chumba kilikuwa na watu. Mama wa pasi alikuwa anatabasamu, tayari kumjibia. Msaidizi aliangalia barua mkononi, mwandiko mdogo wa Mizani, na mstari mtupu chini yake.

"Msaidizi," alisema.

"Nani?"

"Mimi ni msaidizi. Msaidizi wake, kule kituoni."

"Aa." Mpokezi alipuliza ukucha. "Basi wasaidizi wanasubiri upande ule, mpaka wagonjwa waliolipa waishe."

"Na mimi nikilipa?"

"Ukilipa, unakuwa mgonjwa."

Alilipa. Alitoa pesa ya matumizi ya nyumbani, ya wiki nzima, akaiweka mezani, na mama wa pasi akageuza uso kwa huruma, jambo lililouma zaidi kuliko kama angecheka. Mpokezi alichukua kadi mpya.

"Unaumwa nini?"

"Andika chochote."

"Haiwezekani chochote. Lazima niandike."

"Andika kichwa."

Aliandika kichwa. Alipoitwa, Daktari Mwenyewe aliisoma kadi kwanza, kisha akainua macho, akashtuka.

"Wewe! Kichwa kinakuuma?"

"Naomba saini, daktari."

Daktari Mwenyewe aliisoma barua yote, na safari hii hakuwa na haraka. "Huyu si yule mama aliyenikataa asubuhi?"

"Ndiye."

"Anakaa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako? Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana."

Kila mmoja wao alikuwa na sehemu yake ya kubeba. Mmoja alikaa na Bibi nyumba moja, mwingine alimwona kwa muda wa kuvua blauzi, na Bibi hakuvua. Daktari Mwenyewe alipiga saini.

"Aliyempima amepima vizuri. Nani?"

Msaidizi alijua kwamba angesema "mimi" hakuna ambaye angebisha, maana barua ilikuwa na nafasi ya jina la daktari tu. "Msaidizi mwenzangu," alijibu. "Yule wa mizani."

"Anaitwa nani?"

Msaidizi alifungua mdomo. Alilitafuta jina, akalikosa. Tangu binti yule aripoti alimwita Binti. Alikuwa ameongoza kikao kizima cha kutafuta jina la watu wa kazi yake, na jina la mtu wa kazi yake hakulijua.

*

Hospitali kuu walilikata ziwa lote. Daktari bingwa, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwaita Msaidizi na mkewe pembeni akawaambia wamewahi kiasi na wamechelewa kiasi. Wangewahi zaidi angekata kidogo, wangechelewa zaidi asingekata kabisa, angewaambia wampeleke nyumbani. Sasa Bibi angetumia dawa kwa miezi, dawa kali, na baada ya hapo wangeona.

"Mgonjwa ana mtu wa afya nyumbani?" aliuliza.

Mke alimtazama mumewe. Mume alitazama viatu vyake.

Siku waliyorudi nyumbani mke alikaa kwenye cherehani bila kushona. Halafu aliondoka akaenda mlangoni, akaking'oa kile kibao, akakigeuza, akaandika nyuma yake "Fundi Cherehani", akakirudishia misumari. Kisha akalichukua jora la kitambaa cheupe, akalitandaza sakafuni, akaanza kukata. Hakumuuliza mtu.

Wizara nayo ilijibu. Barua ilisema maoni ya wadau yamepokelewa na kufanyiwa kazi, na kwamba jina litabaki kama lilivyo mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Kituo kilipigwa butwaa. Msaidizi wa meno alikuja mpaka nyumbani, ameandamana na wa maabara, kuuliza kama makoti sasa yashonwe tu bila maneno.

"Kitambaa hakipo," mke alisema.

"Hakipo vipi? Tulichanga!"

"Kimekuwa pazia. Kiko kwenye chumba cha uchunguzi, mmekaa nacho tangu jana hamjakiona."

"Shemeji, na makoti yetu?"

"Makoti yenu," alijibu, akirudi kukanyaga cherehani, "yawekeni kwenye mengineyo."

Bibi alianza kwenda kituoni kufungwa kidonda. Hakuenda tena kwenye chumba cha watoto. Alikwenda chumba cha uchunguzi, ambacho Mizani alihamia bila barua wala kikao. Siku moja asubuhi alilala kitandani, pazia limezungushwa pande zote, na Mizani yuko ndani naye. Koti la Daktari Mwenyewe lilikuwa kwenye kiti chake. Nje, benchi lilikuwa limejaa.

"Msaidizi!" Mizani aliita kutoka ndani. "Bandeji zimeniishia!"

Wasaidizi wengine wawili waliangaliana. Mwenyekiti hakuangalia mtu. Aliinuka, akaenda kabatini, akachukua bandeji, akaenda mpaka kwenye pazia na kusimama. Aligeuza uso ukutani. Akaingiza mkono mmoja kwenye mwanya wa kitambaa.

"Kushoto kidogo," alisema Mizani.

Aliusogeza kushoto. Vidole vikavu, vyepesi, ambavyo havikuwa vya Mizani, viliichukua bandeji mkononi mwake.

"Ahsante, daktari," Bibi alisema.

Wanawake wawili wakaangua kicheko nyuma ya pazia, na Bibi akasema, "Ooo, usinichekeshe, kidonda," wakacheka tena. Msaidizi hakujua kama amepewa cheo au amenyang'anywa. Alibaki amesimama pale, uso ukutani, benchi zima likimtazama, na mkono wake bado uko upande wa pili, mtupu, ukisubiri kama kuna kingine watakachohitaji.